Makombe ya Ukutani, Makombe ya Sakafuni: Mapango ya Pwani na Historia Mbili za Bahari

Kwenye mapango ya mawe ya chokaa ya pwani ya Afrika Mashariki, makombe ya bahari hupatikana mahali pawili: yamegandamana na ukuta, au yamefukiwa kwenye udongo wa sakafu. Kutoka kombe la ukutani hadi la sakafuni huenda zisizidi hatua mbili. Kwa umri yanaweza kupishana miaka milioni 150.

Ni rahisi kuyachanganya. Mgeni akioneshwa kombe ndani ya pango huambiwa kuwa zamani bahari ilifika hapo, naye huondoka ameridhika. Maelezo hayo yanalitosha kombe la ukutani. La sakafuni, mara nyingi, halikuletwa na bahari hata kidogo. Lilibebwa na mtu aliyelitoa pwani, akapanda nalo kilima, akaliacha alipolala. Moja ni ushahidi wa jinsi nchi ilivyoumbika, jingine ni ushahidi wa jinsi watu walivyoishi juu ya nchi hiyo. Anayetaka kuijua pwani hii kwa dhati hana budi kuzitenganisha historia hizo mbili kwanza, na kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana.

Tuanze na ukuta. Jiwe la chokaa kwa sehemu kubwa ni mabaki ya viumbe wa baharini: makombe, matumbawe, na vijidudu vidogo mno vyenye magamba, pamoja na tope la chokaa lililotuama kati yao. Tabaka hulala juu ya tabaka, uzito hukamua maji, na chokaa chenyewe hugeuka saruji ya kuunganisha vipande. Baadaye nchi huinuka au bahari hushuka, mwamba ukabaki juu. Mvua ndiyo inayochonga pango. Maji yake huchukua hewa ya kaboni angani na zaidi kwenye udongo wenye majani yanayooza, yakawa na uchachu hafifu, na uchachu huo hula chokaa kupitia nyufa kwa maelfu ya miaka. Kwa hiyo pango daima ni changa kuliko mwamba wake. Kombe la ukutani halikuingia pangoni. Pango ndilo lililochimbwa kulizunguka.

Amboni, kilomita chache kaskazini ya mji wa Tanga, ni mfano unaojulikana kuliko yote Tanzania. Mwamba wake ni wa enzi ya Jura, na umri unaotajwa kwa kawaida ni takriban miaka milioni 150. Wakati huo bara kubwa la kusini lilikuwa linapasuka, Madagaska na India zikianza kujitenga na Afrika, na bahari changa ikaingia kwenye ufa huo. Mapango ya Amboni yamebeba simulizi nyingi: inasemwa kuwa njia zake hufika Mombasa, wengine husema hadi Kilimanjaro, na miaka ya 1950 mtu aliyeitwa Osale Otango alijificha humo akiwatoroka askari wa Mwingereza. Wapimaji wa Kijerumani na Kituruki walioyachunguza mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote lina mita 900 hivi. Simulizi la mwamba wenyewe halisimuliwi sana, ingawa linagusa ufunguzi wa Bahari ya Hindi.

Anayetaka kuona visukuku kwenye ukuta wa namna hii asielekeze tochi moja kwa moja. Mwanga ukipigwa kwa ubavu, karibu uguse jiwe, ndipo mistari hujitokeza: upinde mweupe wenye unene wa ukucha, ambao ni ukingo wa kombe lililokatwa katikati, pia vijitundu vilivyopangika vya tumbawe, au mviringo wa konokono aliyelala upande. Makombe ya chaza huonekana zaidi kuliko mengine, na ipo sababu. Chaza hujenga gamba lake kwa kalisaiti, aina ya chokaa inayovumilia maji. Viumbe wengine wengi hutumia aragonaiti, ambayo huyeyuka mapema na kuacha tundu lenye umbo la kombe, tundu ambalo baadaye hujazwa na madini mengine. Hivyo ukuta wa pango hauoneshi sensa kamili ya wakazi wa bahari ile. Unaonesha walionusurika kuyeyuka, na anayehesabu bila kulijua hilo atadhani bahari ya Jura ilijaa chaza watupu.

Watu walihoji makombe ya nchi kavu muda mrefu kabla ya jiolojia kuwa fani. Al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarizm aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kuwa jangwa la Arabuni liliwahi kuwa bahari, na ushahidi alioutoa ni huu: wachimbao visima hukuta tabaka za udongo na mchanga, na mawe ambayo yakivunjwa hutoka makombe ndani yake. Leonardo da Vinci, karne tano baadaye, alipinga dhana kuwa makombe ya milimani Italia yalibebwa na gharika. Aliona yamekaa kwa tabaka, mengine na pande zake mbili zikiwa bado zimeshikana, jambo lisilowezekana kwa kitu kilichosukumwa na mafuriko. Mwaka 1669 Steno, Mdenmark aliyekuwa Florence, aliweka kanuni ya kuwa tabaka la chini ni kongwe kuliko la juu. Kati ya hao watatu, hoja ya al-Biruni ndiyo iliyo karibu zaidi na mazoea ya watu wa pwani, kwa kuwa kila fundi wa kuchimba kisima Unguja au Malindi huyaona makombe hayo hayo jembe linapogonga jiwe.

Makombe ya mwambani yana kazi nyingine kubwa: ni saa. Aina za viumbe huzuka, hustawi na hutoweka, kwa hiyo tabaka lenye aina fulani lina kipindi chake. Amoniti ndizo zinazotegemewa zaidi kwa miamba ya Jura. Hizi si konokono, ingawa gamba lake limejipinda vivyo hivyo; ni jamaa wa ngisi na pweza, na zilitoweka miaka milioni 66 iliyopita pamoja na dinosaria. Msafiri Mjerumani J. M. Hildebrandt alikusanya amoniti karibu na Mombasa, na mwanajiolojia Ernst Beyrich akazieleza kwa maandishi mwaka 1877 huko Ujerumani. Tangu hapo umri wa Jura wa miamba ile haukuwa tena wa kubahatisha.

Kule Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, tabaka zenye mifupa zimetenganishwa na tabaka za mchanga wa bahari zenye makombe ya jamii ya trigonia. Mifupa ilipelekwa Berlin ikapata sifa duniani. Makombe yaliyotoka hapo hapo, ambayo ndiyo yalisaidia kuijua enzi ya mifupa hiyo, hayajulikani na mtu nje ya wataalamu. Hiyo ni dhuluma ndogo ya kisayansi inayostahili kurekebishwa kwenye vitabu vya shule za Tanzania.

Hadi hapa mambo yako wazi: Jura ukutani, binadamu sakafuni. Utata unaanzia kwenye mapango ya ufukweni. Shimoni kusini mwa Kenya, Mangapwani na Kuumbi kisiwani Unguja, yote yamo kwenye mwamba wa matumbawe ulio mchanga sana kijiolojia. Sehemu kubwa ya mwamba unaoandama ufuko wa Kenya ilikuwa miamba hai takriban miaka 125,000 iliyopita, wakati dunia ilipokuwa na joto na bahari ilisimama mita kadhaa juu ya ilipo leo. Mawe ya namna hiyo ndiyo yaliyojenga Gedi, Lamu na Mji Mkongwe. Mahali plasta ilipobanduka kwenye nyumba kongwe, mtu anaweza kuweka kidole juu ya kombe lililokufa kabla ya binadamu yeyote kujenga nyumba ya mawe popote duniani.

Na kombe hilo ni la aina ile ile inayookotwa leo bahari ikitoka. Amoniti haiwezi kumdanganya mtu. Hakuna aliyekula amoniti. Lakini chaza, kauri na kombe kubwa la tridakna lililomo kwenye mwamba wa matumbawe halina tofauti ya umbo na la leo. Likibanduka darini, likaanguka sakafuni na kufukiwa na udongo, litakaa kando ya jivu na mifupa kana kwamba ni masazo ya chakula. Mchimbaji asiyekuwa mwangalifu ataandika kuwa watu wa pango lile walikula tridakna, kumbe paa ndilo lililomwangushia.

Njia za kutenganisha zipo, na zote zahitaji subira. Kombe lililotoka mwambani huwa na ganda la chokaa gumu lililojazana ndani yake, na rangi yake imepauka kwa kuwa madini yake yamebadilika. Kombe la chakula huvunjwa kwa namna inayojirudia, pale pale ambapo mlaji hupata nyama kwa urahisi, na mara nyingine lina alama ya moto. Idadi pia husema: watu huchagua aina chache na ukubwa fulani, wakati mwamba huchanganya wakubwa, wadogo na wasiolika. Wapo tena wabebaji wengine wa kuzingatia. Yule kaa wa nchi kavu anayeishi ndani ya gamba la konokono aliyekufa hutembea mbali na maji, na akifia pangoni huacha gamba lisilo la mlo wa mtu. Gamba hilo hutambulika kwa mdomo uliosuguliwa na kuliwa kwa kuburutwa.

Pale ambapo makombe ya sakafuni yamechunguzwa kwa uangalifu wa kupigiwa mfano ni Panga ya Saidi, kwenye vilima vya Dzitsoni, kaunti ya Kilifi, kama kilomita 15 kutoka baharini. Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wenzao wa nje walianza kuchimba hapo mwaka 2010. Mwamba wake ni wa Jura, kwa hiyo kombe lolote la aina za leo lililomo sakafuni halikuanguka kutoka ukutani. Hapo pango lenyewe linarahisisha hoja.

Tabaka za Panga ya Saidi zinarudi nyuma miaka 78,000. Mwaka 2021 jarida la Nature lilichapisha habari za kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyelazwa ubavu na kufukiwa kwa makusudi miaka 78,000 hivi iliyopita. Watafiti walimpa jina Mtoto, na hakuna maziko ya kale kuliko hayo yanayojulikana Afrika. Habari hiyo ilienea, kwa haki. Lakini kwenye tabaka za juu ya kaburi kimetoka kitu kingine kidogo: ncha ya konokono wa bahari wa jamii ya koni, iliyotumika kama ushanga, kwenye tabaka la kati ya miaka 67,000 na 63,000.

Ncha ya koni ni kisahani cha duara chenye ukubwa wa kifungo cha shati. Mawimbi yenyewe huweza kuivunja koni na kuitoboa kileleni, kiasi kwamba mtu anayetembea ufukweni anaweza kuokota ushanga uliokwisha kutengenezwa na bahari. Ndiyo maana wachunguzi hutumia hadubini: huangalia kama ukingo wa tundu umelainishwa na uzi, kama kuna mng'aro wa kuvaliwa, kama kuna chembe za udongo mwekundu. Na hata kama tundu ni la mawimbi, bado liko swali lisilojibika kwa mawimbi: nani alikipeleka kisahani hicho kilimani?

Jambo ambalo mwandishi huyu analiona la uzito kuliko yote ni uchache wa makombe ya bahari pale pangoni. Watu wa Panga ya Saidi walikaa masafa ya kutembea hadi pwani, na kwa kuwa kina cha bahari huporomoka haraka karibu na ufuko wa pale, hata maji yaliposhuka ufuko haukusogea mbali mno. Hata hivyo waliishi kwa wanyama na mimea ya msitu na mbuga. Bahari kwao ilikuwa ya pambo kabla ya kuwa ya kitoweo. Dhana iliyopendwa sana, kwamba binadamu wa kale walienea Afrika na kutoka Afrika kwa kufuata fuko na kula makombe njia nzima, inapata kizuizi hapo. Pinnacle Point, Afrika Kusini, inaonesha watu wakila makombe miaka 164,000 iliyopita, na hilo halipingiki. Ila pwani ya Afrika Kusini si pwani ya Kenya. Bara hili lina fuko nyingi, na kila moja ina hesabu yake.

Upande wa mapambo, Panga ya Saidi ina wenzake kaskazini. Kwenye pango la Taforalt, Moroko, lililo kilomita 40 hivi kutoka Bahari ya Kati, yamepatikana makonokono madogo yaliyotobolewa yenye miaka 82,000. Bizmoune, karibu na Essaouira, iliyatangulia yote: shanga za umri wa kati ya miaka 142,000 na 150,000, zilizotangazwa mwaka 2021. Mapango yote hayo yalihifadhi makombe kwa sababu ile ile: chokaa ya mwamba hupunguza uchachu wa udongo, na udongo usio mchachu hauli makombe wala mifupa. Laiti watu hao wangelala chini ya miamba ya matale au ya mchanga, huenda visingebaki hata vipande.

Kuumbi, karibu na Jambiani, inaongeza sura nyingine. Profesa Felix Chami na wenzake walichimba hapo mwaka 2005, na timu nyingine ikarudi mwaka 2012. Mifupa ya punda milia na nyati ilitoka kwenye tabaka za miaka kama 20,000 iliyopita. Hawakuogelea. Bahari wakati ule ilikuwa mita 120 hivi chini ya ilipo, na kwa kuwa mlango wa bahari kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, Unguja ilikuwa kilima tu cha bara. Chami alitoa hoja kuwa watu wenye mifugo walikuwamo Kuumbi miaka elfu kadhaa kabla ya Kristo. Uchimbaji wa 2012 haukuyakuta mabaki ya mifugo kwenye tabaka hizo. Ulionesha badala yake kuwa pango liliachwa kwa muda mrefu baada ya maji kupanda, kisha likarudiwa na watu katika milenia ya kwanza baada ya Kristo. Mvutano huo haumwondolei Chami sifa ya kuufungua mlango, maana kabla yake wachache walidhani mapango ya Unguja yana lolote la kale kuliko biashara ya watumwa.

Kuumbi ina makombe ya bahari na pia magamba ya konokono wakubwa wa nchi kavu, wale wanaotambaa mashambani wakati wa masika. Hapa ndipo ukuta unapoingilia hesabu ya sakafu kwa njia ya siri. Umri wa vitu vya karibuni hupimwa kwa kaboni ya mionzi, ambayo hufifia hadi kutosomeka baada ya miaka 50,000 hivi. Ndiyo sababu haisaidii chochote kwa kombe la Jura. Konokono wa nchi kavu anayeishi kwenye mawe ya chokaa hulamba mawe hayo ili apate chokaa ya gamba lake. Kwa kufanya hivyo anaingiza mwilini kaboni ya mwamba, kaboni iliyokufa zamani. Akipimwa, huonekana mzee kuliko alivyo. Utafiti wa Jamaica uliochapishwa mwaka 1983 ulikuta kosa hilo linaweza kufika miaka 3,000. Makombe ya bahari nayo huonekana na umri wa ziada wa miaka kama 400, kwa kuwa maji ya bahari hukawia kuchanganyika na hewa. Mtaalamu makini hupima pia mkaa na chembe za mchanga za tabaka lile lile, ndipo atangaze tarehe.

Hatari kubwa inayoyakabili mapango haya inatokana na ubora wa mwamba wake. Jiwe la chokaa ndilo malighafi ya saruji, na Tanga, Mombasa na Kilifi zote zina machimbo. Bamburi, ambako saruji ilianza kuzalishwa mwaka 1954, machimbo yaliyokwisha kutumika yalipandwa mivinje kuanzia 1971 na leo ni Haller Park. Ni kazi ya kupongezwa, ila msitu hurudi na mwamba haurudi. Hakuna anayesema nchi zisijenge. Kinachotakiwa ni kwamba kabla baruti haijawekwa, mtaalamu wa miamba na wa mambo ya kale waingie pamoja, waandike ukuta na sakafu kwa wakati mmoja. Mpaka sasa mengi yaliyolindwa yamelindwa na wananchi wa hapo kwa sababu zao wenyewe: mapango mengi ya pwani ni mahali pa tambiko, na heshima hiyo imezuia majembe pasipo na askari wala uzio.

Ziko pia sehemu ambazo hakuna atakayezichimba kwa urahisi. Ufuko ambao watu wa Kuumbi waliujua miaka 20,000 iliyopita umelala chini ya maji, pamoja na majaa yoyote ya makombe waliyoacha huko. Kilichobaki juu ni kile kichache walichopanda nacho. Pemba ni tofauti: mfereji unaoitenga na bara una kina cha mamia ya mita, kwa hiyo ilibaki kisiwa hata bahari iliposhuka kupita kiasi. Mapango yake ya matumbawe, kama lile la Makangale upande wa kaskazini, hayatarajiwi kutoa mfupa wa punda milia. Lakini siku ambapo ushanga wa koni au rundo la chaza walioliwa litatoka humo kwenye tabaka la kale kama zile za chini za Kuumbi, wachimbaji watalazimika kueleza ni chombo gani kilichovusha watu hao.